Mama kapewa dawa ya sonona, wakati kinachomuuma ni miguu

Maumivu ya mishipa ya fahamu yana ubaya mmoja: hayaonekani. Mgonjwa anasema nyayo zinawaka moto, watu wa nyumbani wanaitazama miguu, hawaoni uvimbe wala jeraha. Mwezi wa kwanza anahurumiwa. Mwezi wa tatu watu wanaanza kuchoka. Ukifika mwezi wa sita, yuko anayesema huenda mama alikanyaga kitu, na yuko anayenong'ona jikoni kwamba mama anadeka.

Sasa fikiria mama huyo anaishi Kiranjeranje. Amepanda gari hadi Nangurukuru, akaunganisha hadi Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje, akapanga foleni, akapimwa, akarudi jioni na pakiti ya vidonge. Mjukuu anaandika jina la dawa kwenye simu, na kioo kinamjibu: dawa ya kutibu sonona. Nyumba nzima inanyamaza. Mwenyewe ndiye anayeumia zaidi, maana anachosikia yeye ni kwamba hata daktari hakumwamini, kamwona ana matatizo ya akili.

Kutoka hapo mambo hujulikana. Vidonge vinamezwa siku tatu au nne, mama anashinda anasinzia na mdomo umekauka, miguu bado inawaka, pakiti inatupwa juu ya kabati. Ikifika siku ya kurudi hospitali haendi, maana nauli ni fedha na msimu wa ufuta haumsubiri mtu.

Kidonge chenyewe mara nyingi huitwa amitriptilini. Wiki hii nataka tukijue vizuri, kwa sababu wapo wazazi wetu wanaoendelea kuungua usiku kucha huku dawa ambayo huenda ingewasaidia imelala kabatini.

Maumivu yenye tabia yake

Mtu akijikata na panga, maumivu hutoka kwenye kidonda, na mishipa ya fahamu hufanya kazi ya kupeleka taarifa tu. Kwenye maumivu tunayoyazungumzia hapa, mishipa yenyewe ndiyo iliyoharibika. Inapeleka taarifa za moto mahali pasipo na moto.

Ndiyo maana wagonjwa huyaeleza kwa maneno yanayofanana, awe Kilwa au Ulaya. Wanasema ni kama pilipili imepakwa nyayoni, kama siafu wanatembea ndani ya ngozi, kama shoti ya umeme, kama sindano. Mguu huohuo unaweza kuwa na ganzi na bado ukauma. Wengine hata shuka likigusa vidole hawavumilii. Na kwa wengi, usiku ndio mbaya kuliko mchana.

Panadol na diklofenaki kwa kawaida hazisaidii sana hapa, kwa kuwa kazi yake ni kwenye maumivu ya aina nyingine. Mgonjwa anayemeza diklofenaki kila siku kwa miezi anaweza kuumiza figo na tumbo bila kupunguza ule moto.

Vyanzo ni vingi. Kinachojulikana zaidi ni kisukari kilichokaa muda mrefu bila kudhibitiwa. Kipo mkanda wa jeshi, ambao vipele hukauka lakini maumivu hubaki kwa miezi, hasa kwa wazee. Ipo mishipa iliyobanwa mgongoni. Yapo maambukizi ya VVU. Ipo isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inayoweza kugusa mishipa, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Na upo ukoma, ugonjwa ambao bado haujaisha katika nchi yetu: ukiona baka lisilohisi kwenye ngozi pamoja na ganzi ya mikono au miguu, nenda ukapimwe. Matibabu yake ni bure.

Kwa nini dawa ya sonona

Amitriptilini iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1961 kutibu sonona. Miaka hiyohiyo madaktari walianza kugundua kwamba dawa za kundi lake huwapunguzia watu maumivu pia. Swali likawa moja: je, mgonjwa anapata nafuu kwa sababu moyo wake umechangamka, au dawa inafanya kazi kwenye maumivu yenyewe?

Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, akiwamo Dk Mitchell Max, walichapisha jibu. Walichukua wagonjwa 29 wa kisukari wenye maumivu ya mishipa. Kila mmoja alitumia amitriptilini kwa wiki 6, na kwa wiki nyingine 6 akatumia kidonge kingine ambacho hakikuwa dawa hiyo ila kilileta usumbufu unaofanana nayo, ili asiweze kubahatisha anameza kipi. Amitriptilini ilishinda. Wagonjwa waliokuwa na huzuni walipata nafuu, na wale ambao hawakuwa na huzuni yoyote walipata nafuu vilevile.

Hilo ndilo jambo la kumwambia mama. Kidonge hiki hakikutolewa kwa sababu daktari anadhani maumivu ni ya kufikirika.

Kinavyofanya kazi, kwa lugha nyepesi, ni hivi. Ubongo una njia yake ya kutuma amri kushuka kwenye uti wa mgongo, kuziambia taarifa za maumivu zipunguze kelele. Amri hizo hubebwa na kemikali za mwili, mojawapo ikiitwa noradrenalini. Amitriptilini huzifanya kemikali hizo zikae kazini muda mrefu zaidi. Kelele inapungua.

Dozi nayo ni tofauti. Kwa maumivu, mgonjwa huanzishiwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, kisha huongezwa polepole kadiri daktari anavyoona. Kwa sonona dozi kwa kawaida huwa kubwa zaidi ya hapo. Neno "sonona" linaloonekana kwenye simu linataja kazi ya kwanza ya dawa hii, na si lazima liwe ugonjwa wa aliyeandikiwa. Aspirini nayo ilianza kama dawa ya homa na maumivu, leo wapo wanaopewa kulinda moyo, na hakuna anayeshangaa.

Niseme pia upande wa pili, maana watu wengi wanaoacha dawa waliahidiwa makubwa. Amitriptilini haimsaidii kila mtu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Lancet Neurology ulionyesha kwamba kwa dawa za kundi hili, ni karibu mtu 1 kati ya kila 4 anayepunguziwa maumivu kwa nusu au zaidi kwa sababu ya dawa yenyewe. Kwa maumivu yanayotokana na VVU, utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka huohuo haukuona amitriptilini ikizidi kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo chanzo cha maumivu kina maana kubwa, na mgonjwa ambaye haikumsaidia hajafanya kosa lolote.

Zipo dawa nyingine, kama duloksetini, ambayo nayo ni ya kundi la sonona, na pregabalini. Ila usidhani mama kapewa kidonge cha bei nafuu kwa sababu anatoka kijijini. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 uliwafuatilia wagonjwa 130 wa kisukari waliotumia dawa hizo tatu kwa zamu. Nafuu iliyopatikana, dawa yoyote waliyoanza nayo, ilikaribiana.

Wiki kwa wiki

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo familia inapohitajika. Usumbufu wa dawa hii huanza siku ya kwanza. Nafuu yake huchelewa. Katika ule utafiti wa 1987, tofauti ya maumivu ilionekana kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mgonjwa anapata mabaya ya dawa tu, mazuri hayajafika. Mtu ambaye hakuambiwa hilo ana haki ya kuamini dawa inamdhuru.

*Siku za mwanzo.* Mama analala usingizi mzito kuliko kawaida na asubuhi anaamka kichwa kizito, kama hajamaliza kulala. Mdomo unakauka, ulimi unanata. Akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Haja kubwa inakuwa ngumu. Macho yanaweza kuona ukungu kidogo anaposoma. Kwa wengi, mengi ya haya hupungua mwili ukizoea.

Kinachosaidia ni vitu vidogo. Kama asubuhi anashindwa kuamka, muulize mtoa huduma kama anaweza kuimeza mapema zaidi, mathalani saa moja au mbili kabla ya muda wa kulala. Kikombe cha maji kiwe karibu, anywe funda moja moja. Soda isiwe dawa ya mdomo mkavu, hasa kwa mwenye kisukari. Chakula kiwe na matembele, kisamvu, mchicha na tunda. Anapoamka usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi ishirini, ndipo asimame. Mzee akianguka gizani akavunjika nyonga, tumeongeza tatizo juu ya tatizo.

*Wiki ya pili.* Wengi huanza kulala vizuri kabla maumivu hayajapungua. Wengine husema miguu bado inauma lakini hawaamki mara tano kwa usiku kama zamani. Hii ni dalili njema, isidharauliwe.

*Wiki ya tatu hadi ya sita.* Kama dawa itamfaa, ndipo nafuu inapoonekana. Usitegemee maumivu yote yatoweke. Wanaofaidika husema moto umeshuka, kwamba sasa wanaweza kuvaa viatu, kupika wakiwa wamesimama, kuvumilia shuka. Kama hakuna mabadiliko kabisa, arudi kwa daktari. Huenda dozi iliyopo ni ndogo, au dawa yenyewe si ya kwake.

*Baada ya hapo.* Aliyepata nafuu asiache ghafla siku anayojisikia mzima. Kuacha kwa mkupuo kunaweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi. Dawa hupunguzwa polepole kwa maelekezo. Kwa mtu wa Kiranjeranje hii ina maana ya kuhesabu vidonge mapema, na kupanga safari ya Kinyonga, au ya Hospitali ya Sokoine pale Lindi kama huko ndiko anakotibiwa, kabla pakiti haijaisha.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Ramadhani. Dawa hii humezwa mara moja tu, usiku, hivyo yenyewe haigongani na mchana wa kufunga. Tatizo linaweza kuwa mdomo mkavu. Mwenye kisukari anahitaji kuzungumza na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu ya kisukari chenyewe.

Mwambie daktari kabla hajaandika

Hii ni dawa ya cheti. Haifai kuazimwa kwa jirani aliyesema ilimsaidia. Kabla ya kuandikiwa, mgonjwa aseme kama:

- amewahi kuwa na ugonjwa wa moyo, au mapigo ya moyo hayaendi sawa;
- ana presha ya macho;
- ni mwanamume anayepata shida kukojoa kwa sababu ya tezi dume;
- ana kifafa;
- ni mjamzito au ananyonyesha;
- anatumia dawa nyingine, hasa tramado, dawa za usingizi, au dawa nyingine ya sonona;
- anatumia dawa za miti shamba. Afiche nini? Daktari hawezi kukwepa asichokijua.

Pombe iwekwe pembeni, iwe tembo, uraka au gongo, kwa kuwa usingizi wa pombe na usingizi wa dawa vikikutana ni hatari. Kijana wa bodaboda aliyeandikiwa dawa hii asishike chombo mpaka ajue inamfanyaje asubuhi.

Kwa vijana wa chini ya miaka 25, dawa za kundi hili zinahitaji jicho la karibu miezi ya mwanzo. Ukiona mwanao amekuwa na mawazo mazito, anajitenga, au anazungumzia kujidhuru, usisubiri siku ya kliniki. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Dalili nyingine za kumfanya mgonjwa apelekwe hospitali haraka ni kuzimia, moyo kwenda mbio, kushindwa kabisa kukojoa, kuchanganyikiwa, au jicho kuuma na kuona giza.

Kama kuna watoto nyumbani

Mzazi, hapa soma mara mbili. Amitriptilini ikizidi ni sumu, na kwa mtoto mdogo vidonge vichache tu vinaweza kumuua. Huvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege.

Nyumba zetu nyingi bibi analala chumba kimoja na wajukuu, na dawa hukaa chini ya mto au kwenye kikapu mlangoni. Hiyo ya kidonge hiki isiwe hivyo. Iwekwe juu, ndani ya kitu kinachofungwa, na mtu mzima mmoja ajue idadi iliyobaki.

Mtoto akimeza, usimtapishe, usimpe maziwa ukisubiri uone. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu hata kama anaonekana mzima, na ubebe pakiti.

Kidonge hakitibu chanzo

Amitriptilini hupunguza kelele, haiponyeshi mshipa ulioharibika. Kama ni kisukari, sukari isiposhuka uharibifu unaendelea huku mgonjwa akijisikia nafuu. Aliyetumia metformini kwa miaka aulize pia kuhusu vitamini B12, maana dawa hiyo inaweza kuishusha, na upungufu wake nao huharibu mishipa ya fahamu.

Miguu yenye ganzi inahitaji macho ya mtu mwingine. Kila jioni mtoto au mjukuu atazame nyayo za mama na katikati ya vidole: kuna mwiba? lengelenge? mpasuko? Asitembee peku, hata uani. Na ile tabia ya kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi ili moto utoke, tuiache. Mguu usiohisi hauwezi kumwambia kwamba maji yanamuunguza. Kidonda cha kisukari kinaweza kuanzia hapo.

Kazi ya familia

Kwa mtu anayekaa mbali na hospitali, daktari humwona labda mara moja kwa mwezi, mara nyingine chini ya hapo. Siku zote zilizobaki ni zenu. Naomba mfanye mambo manne.

Kwanza, mwaminini. Maneno ya nyumbani yana uzito kuliko ya hospitali. Badala ya kumficha jina la dawa, mwelezeni: "Mama, dawa hii zamani ilitengenezewa wenye sonona, lakini wewe umepewa kwa ajili ya mishipa ya fahamu ya miguu. Daktari anajua miguu inauma." Na kama kweli ana sonona pamoja na maumivu, jambo linalotokea sana kwa mtu asiyelala miezi sita, hilo nalo ni ugonjwa, halina aibu yake.

Pili, wekeni alama. Chukueni kalenda ya ukutani. Kila asubuhi mama ataje maumivu ya usiku kwa namba, kuanzia 0 mpaka 10, na ameamka mara ngapi. Mtu anayeumwa kila siku husahau alikotoka. Maumivu yakishuka kutoka 8 hadi 5 anaweza asiyatambue, lakini kalenda itaonyesha, na daktari atapata kitu cha kufanyia kazi.

Tatu, ulizeni mtu wa kumpigia. Kabla ya kuondoka hospitali ombeni namba ya simu ya kituo, au mtajeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwenu. Swali kama "mama anasinzia sana, tupunguze?" linaweza kujibiwa kwa simu, na kuokoa dawa isitupwe na nauli isipotee.

Nne, kama mmeamua kuacha, rudini mkaseme. Daktari hatagombana nanyi kwa kusema dawa imemshinda mama. Hasara ni kukaa kimya, maana kwenye faili itabaki imeandikwa kwamba anatumia, na safari ijayo ataongezewa dozi ya kitu ambacho hakimezi.

Kama kwenye kabati lenu kuna pakiti ya namna hii iliyoachwa, msianze kumpa tena leo usiku. Ichukueni, muulizeni mama ilimfanyaje na aliimeza siku ngapi, kisha nendeni nayo kwa aliyeiandika. Mwambieni ukweli kwamba aliishia siku ya nne, na mwanzeni upya, safari hii mkijua wiki za mwanzo zitakuwaje.